Bahari kwa Hesabu ya Nani

Bi Shariffa Badar alikuwa amekwisha kufundisha miaka miwili kasoro wiki tatu katika skuli ya wasichana iliyokuwa baina ya Wawi na Chake Chake. Katika wiki hizo tatu zilizobakia, Mkaguzi alikuwa na hiari ya kuja siku yoyote, asikilize somo moja, kisha aamue ikiwa mwalimu huyu athibitishwe kazini au asithibitishwe. Alikuja Jumanne moja ya mwaka 1960, saa tatu ya asubuhi, bila ya kuleta habari. Somo lilikuwa jiografia, darasa la sita.

Mwalimu Mkuu, Bi Mwanakhamis, alitangulia mbio hadi mlangoni, buibui limemteremka mabegani.

"Bwana Abrahman huyo, katoka Unguja," alinong'ona. "Mwanangu, leo usiwe na maneno mengi. Soma kitabu kilivyo, uthibitishwe, tupumzike."

"Nitafundisha kama kila siku, Bi Mkubwa. Nikifanya vyengine, atakuwa hakunikagua mimi."

Bwana Abrahman aliingia, koti juu ya kanzu, faili kwapani. Watoto wakasimama, wakaamkia, wakakaa. Aliketi nyuma kwa muda wa dakika kumi, kisha akainuka na kulikatiza somo.

"Nyinyi, niambieni. Bahari kuu za dunia ni ngapi?"

Mkaguzi alikwisha kuifungua kalamu yake pale Kazija, mtoto wa Pujini, aliposimama.

"Kwa hesabu ya nani, Bwana?"

"Ya nani tena? Bahari zina hesabu ngapi?"

"Ya kitabu cha skuli, tano. Ya chuoni kwenye Kurani, saba. Ya wapima bahari wa siku hizi, nne. Na ya mama yangu, mbili: ya ndani na ya nje."

"Mama yako!" Mkaguzi alicheka peke yake. "Mama yako ni nahodha?"

"Hapana, Bwana. Anachokoa pweza."

Shariffa alimwona Bi Mwanakhamis akifumba macho. Yeye aliukabili ubao, ambao tangu wiki iliyopita hakuruhusu mtu kuufuta upande wa kulia. Hapo palikuwa na safu tatu: nani anahesabu, anahesabu ngapi, na kwa haja gani. Alizichora siku aliyouliza swali lilo hilo, na nusu ya darasa ikapiga kelele "Saba!" kwa kuwa kila alasiri walikuwa chuoni, na nusu ikajibu "Tano!" kwa kuwa kila asubuhi walikuwa skuli, na wakaanza kuitana makafiri na majinga. Shariffa alikuwa na njia nyepesi, ya kuwaambia kwamba mmoja katika walimu wao anasema uwongo. Hakuipenda. Wiki hiyo hiyo kaka yake Mbaruk, karani wa bandari ya Mkoani, alimwandikia kwamba wapima bahari wa mataifa, katika chapisho lao la mwaka 1953, wameiacha bahari ya kusini kabisa, ile inayoizunguka barafu, kwa sababu hawakuafikiana inaanzia wapi. Maji yake yapo pale pale. Jina tu ndilo lililoondoka. Barua hiyo aliisoma darasani neno kwa neno. Ndipo Kazija alipoeleza kwamba kwao bahari ya ndani ni ile inayokauka kwa bamvua, maji yanapotoka sana, wanawake wakaingia na vijiti vyao, na ya nje ni ile isiyokauka abadan. Mama yake naye akaandikwa ubaoni, chini ya wapima bahari wa mataifa.

"Mwalimu," alisema Bwana Abrahman, "haya ni maskhara?"

"Ni somo, Bwana."

"Mtihani unataka tano. Atlantiki, Pasifiki, Hindi, Aktiki, Antaktiki. Basi."

"Na wote wanazijua. Waulize."

"Sikuwauliza kama wanazijua. Nimewauliza ngapi, nikatajiwa pweza! Au siasa zenu za mabarazani mmeshazileta mpaka humu, kila mtu na hesabu yake?"

"Mabarazani kila mtu ana hesabu yake na hataki kusikia ya mwenziwe," alisema Shariffa. "Hawa wanaweza kukusomea zote nne, na sababu zake. Ukiona mstari mmoja wa uwongo pale ubaoni, nionyeshe, nami nitaufuta kwa mkono wangu."

Mkaguzi aliusoma ubao tangu juu mpaka chini. Hakuonyesha mstari.

"Futa wote. Kisha uwaambie kwamba jawabu ni tano na mengine ni makosa. Nakuamrisha mbele ya Mwalimu Mkuu."

Shariffa alijua vyema kwamba fomu ya kuthibitishwa kwake imo ndani ya faili lile. Alikichukua kitambaa cha kufutia, akenda nacho hadi nyuma ya darasa, akakiweka mbele ya Mkaguzi.

"Nitawafundisha waandike tano katika mtihani wako, kwa sababu wewe ndiye utakayesahihisha. Kuwaambia kwamba mengine ni makosa, siwezi. Walimu wangu walinifunza miaka minne ya kulala dakhalia nisitie mkono wangu katika nisiloliamini, na waliponifunza hawakuniambia kwamba wakaguzi wamesamehewa."

Bwana Abrahman aliufuta ubao mwenyewe. Vumbi la chaki likamjaa kwenye mkono wa koti. Alipomaliza aligeuka.

"Wewe, mtoto wa pweza. Bahari ni ngapi?"

Kazija alisimama wima. "Tano, Bwana. Kwa hesabu yako."

Ofisini, Mkaguzi aliandika mistari miwili na kuisukuma fomu juu ya meza. *Mkaidi. Asithibitishwe.* Chini yake palikuwa na nafasi ya maelezo ya mwalimu, na kila mwalimu wa kisiwa alikuwa akiandika pale maneno yale yale: Nimeona, nashukuru. Hata aliyeangushwa alishukuru.

"Andika, mwanangu," alisihi Bi Mwanakhamis. "Nimeona, nashukuru. Maneno mawili tu. Mwakani atasahau."

Shariffa aliisoma fomu tangu juu, pamoja na maandishi madogo ya chapa, huku Mkaguzi akigongagonga saa yake. Kisha akaandika: *Nimeona. Sikubali. Mkaguzi hakuonyesha kosa lolote katika yaliyokuwa ubaoni. Naomba ajibu kwa maandishi: bahari ni tano kwa kipimo cha nani?*

Bwana Abrahman alisoma, akainua uso.

"Unafahamu kwamba hii itakaa katika faili lako umri wako wote?"

"Ndiyo maana nimeandika kwa wino."

Barua kutoka Unguja ilifika baada ya mwezi. Ilimwongezea mwaka mmoja wa majaribio, na haikuwa na neno hata moja juu ya bahari. Bi Mwanakhamis alimkabidhi kwa mikono miwili, kama mtu anayetoa mkono wa pole. Shariffa aliisoma amesimama, akaikunja mara mbili.

"Waandikie, Bi Mkubwa," alisema. "Mwakani wasimpe taabu mtu mwengine. Wamlete yuyo huyo, na jawabu la swali langu aje nalo."