Nafasi ya Kidole Moja

Mu Kimemi, mutaa ya muji wa Butembo, kama unataka kujua mama mukwe gani ana roho nzuri, hapana kumuuliza yeye mwenyewe. Unaangalia mashavu ya muka mwana wake kisha kuzala. Mashavu ikijaa, bamama ku njia banasema: "Yule mama anajua kulisha." Mashavu ikibonyea, banasema maneno ingine, na hawaisemi pole pole.

Kahongya aliijua ile sheria tangu yeye mwenyewe alikuwa muzazi. Kwa hiyo siku ile Falonne, bibi ya mutoto wake Maliro, alimuzalia mujukuu wa kiume, Éliakim, Kahongya alifunga kikwembe ku kiuno akaingia mu jikoni kama mutu anayeingia mu vita. Asubui bouillie, uji wa soja na karanga. Saa sita bugali na kuku wa mafuta ya ngazi. Saa kumi bouillie tena, sukari juu. Alimufunga muzazi tumbo na kitambaa, alimukanda na maji ya moto, na jembe alimukatalia hata kuigusa. Falonne akaiva sawa ndizi mu shimo. Siku ya kwanza walienda misa pamoja, Kahongya alitembea pembeni yake sawa mutu mwenye kupitisha mbuzi wa mahari katikati ya soko.

Lakini Falonne alikuwa na kitu yake ya roho. Mbele ya mimba alikuwa gardien, mwenye kulinda goli, wa timu ya banamuke ya kwao Kimemi, na mipira ya juu yote ilikuwa yake. Kila mwaka timu ile inacheza na banamuke ba muji wa Beni. Mwaka uliopita, Falonne akiwa na tumbo kubwa, Beni walikuja wakawafunga magoli ine, wakarudi kwao wanaimba. Mwaka huu ni zamu ya Butembo kwenda kule, na Falonne aliota tu ile siku.

Siméon, mwenye kufundisha timu, hakumuficha. Alimusimamisha chini ya goli akamuonyesha muti wa juu.

"Falonne, dada yangu, zamani ulikuwa unaruka unagusa ule muti na mikono mbili. Ukiugusa tena, goli ni yako. Ukikosa, Keren njo atasimama Beni."

Keren alikuwa binti muzuri, mwepesi, lakini mufupi sana. Yeye mwenyewe alikuwa anaomba Mungu Falonne auguse.

Mara ya kwanza Falonne aliruka, kati ya mikono yake na muti ilibaki nafasi ya mukono muzima. Hakuchoka. Alikimbia, aliruka kamba, uzito ikaanza kushuka yenyewe. Nafasi ikawa kiganja. Ikawa bidole bitatu. Ikawa kidole moja. Na pale ikakaa! Wiki ikapita, kidole. Wiki ingine, kidole ile ile. Akapanda ku balance, mizani ya kupimia maharagi ku depot pahali Maliro anaiuzisha: mushale ulisimama pahali pamoja sawa mutu ameupiga musumari.

Falonne akaona dawa ni kujinyima. Asubui bouillie ya Kahongya alikuwa anaimwanga nyuma ya lupango, kiwanja ya nyumba yao, mbuzi wa jirani Emérence anailamba. Saa sita anagusa bugali na ncha ya bidole. Mangaribi njaa inamushika ku shingo, anakula chungu mupaka anaikwangua. Na maziwa ikapunguka. Éliakim akaanza kulia. Kahongya akisikia mutoto analia, anasema: "Aka! Muzazi hashibe!" Anaongeza karanga. Moja anamwanga, mwingine anaongeza, na mushale wa balance unabaki pale pale.

Siku moja muchana, Falonne akiwa ku mazoezi, Éliakim alilia akakataa kila kitu. Alikataa kubembelezwa, alikataa kuimbiwa. Kahongya akamufunga mugongoni akashuka naye mupaka ku uwanja. Kahongya, tangu azaliwe yeye, hakukanyaga pale. Mupira yeye alijua tu kama ikipita mu goli, batu banapiga kelele.

Alifika wakati Falonne anajiandaa kuruka. Falonne akachuchumaa, akaruka, mikono juu, na Kahongya akaona bidole binakamata hewa, karibu kabisa na muti. Akaona Falonne anaanguka, anasimama, anapanguza magoti, anaruka tena. Hewa. Tena. Hewa.

"Yaya Falonne, ni kidogo tu!" Keren akalia, na machozi iko karibu.

Kahongya akasikia kitu inamupanda mu kifua, sawa siku muziki ya harusi inaanzia mbali. Hakujua ni nini. Alikuwa tayari ameinua mikono yake mwenyewe, na mutoto mugongoni!

"Siméon! Inabaki ngapi pale?"

"Kidole moja, Mama. Tangu wiki mingi. Miguu yake iko na nguvu, roho iko na nguvu. Kuna kitu inamuvuta chini."

"Kitu gani?"

Siméon akaangalia biatu byake. Hakuna kijana wa Kimemi mwenye kumuambia mama mukubwa kama ni chungu chake. "Sijue, Mama. Pengine… saa ya kula."

Falonne alikuja akachukua mutoto, akakaa mu majani kumunyonyesha, jasho inamutiririka. Kahongya alisimama akaangalia ule muti wa goli, akainua kidole yake ya shahada mbele ya jicho, akaipima. Kidole ya mwanamuke mwenye kulima. Si nene sana. Ile nafasi yote, si njo bouillie yake ya saa kumi?

Jua ikiwa bado juu, alimukalisha Falonne ku kizingiti ya jikoni.

"Asubui unakunywa bouillie yangu?"

"Ninakunywa, Mama."

"Mbuzi wa Emérence njo anakunywa. Nimemuona leo, amekuwa na mashavu kuliko weye."

Falonne akaficha uso mu kikwembe. Alifikiri ni hasira. Kumbe mama mukwe alikuwa anacheka mupaka mabega inatikisika.

"Nisikilize, binti yangu. Kujinyima si dawa, unaua maziwa ya mujukuu wangu, na mangaribi unakula sawa mulinzi wa usiku. Tangu kesho unakula asubui, unakula saa sita, unakula mangaribi mapema. Maharagi na majani ya lengalenga, viazi ya Musienene, sombe ya majani ya mihogo. Bugali ni ngumi yako moja, si ngumi ya Maliro. Ile ya saa kumi nimeizika. Na unalala mutoto akilala, vyombo nitaosha. Na jembe yangu iko nyuma ya mulango. Nilikukatalia. Sasa nakupa."

"Mama, na batu? Watasema haunilishe."

"Waseme," Kahongya akasema. Lakini alikuwa bado hajui vile watasema.

Emérence, jirani wa shirika moja ya kanisa, alikuja na termosi yake nyekundu vile alizoea, bouillie nzito, maziwa ndani. Kahongya alikuwa ku soko. Falonne akashika adabu yote aliyofundishwa, akasema: "Aksanti sana, Mama Emérence, lakini leo sitakunywa."

Kwetu, mutu akileta chakula na weye unakikataa, kuna maneno moja tu: unamuita muchawi.

"Bon. Kumbe miye niko mulozi."

"Hapana, Mama!"

"Miye naweka sumu. Miye Emérence, mwenye nilishika huyu mutoto mbele hata baba yake!"

Akachukua termosi yake akaenda. Mangaribi ile shirika yote ilijua. Mbele jua haijazama vizuri, ikasemwa kama kwa Kahongya muka mwana anaanza kukauka, na anaogopa chakula ya majirani, na nani anajua ni nini inaendelea mule ndani. Maliro akarudi na magunia yake ya maharagi na batu bakamupa pole ku njia sawa mutu amefiwa.

Falonne alilia. "Mama, nitakunywa tu. Niitike kila termosi. Acha Keren asimame Beni. Heri jina yako kuliko kidole moja."

Pale Kahongya angeweza kusema ndiyo. Alikuwa mujane, jina njo mali aliyobaki nayo. Aliangalia ule uso uliovimba machozi, na mu kichwa yake akaona tena ile mikono inakamata hewa, na ile kitu ikamupanda tena mu kifua.

"Wapi!" akasema. "Kidole njo nataka!"

Kesho yake akatuma habari kwa Emérence: aje, na termosi, tumalize maneno. Emérence akaja na bamama wengine nyuma, juu ya kuona. Kahongya akaweka viti mu lupango, akaleta bikombe, akasalimia kila mutu na jina ya mutoto wake wa kwanza.

"Emérence, dada yangu, tulikosea desturi. Falonne ni mutoto, hakujua. Kwetu mwenye kuleta chakula anaonja mbele. Si njo vile?"

"Njo vile!" bamama bakasema.

"Onja."

Emérence akamimina kikombe, akaikunywa yote na kichwa juu, aone nani atasema nini.

"Vizuri sana. Na ya katikati? Batu banasemaka mubaya anajificha katikati."

Mama moja akaanza kucheka. Emérence akamimina, akakunywa.

"Na ya chini?" Kahongya akauliza, uso mugumu sawa wa hakimu. "Chini njo kabisa. Vitu yote inashukaka chini."

"Kahongya! Unanichezea?"

"Ninakulinda! Nataka shirika yote ishuhudie kama Emérence ni mutu safi toka juu mupaka chini."

Emérence akageuza termosi ku mudomo yake, akaimaliza, akaiweka chini, na pale pale akabeua na sauti ya kutisha. Lupango yote ikalipuka. Bamama balianguka ku mabega ya wenzao. Emérence mwenyewe alishika tumbo, machozi ya kicheko inamutoka.

"Sawa, shetani weye! Sasa uniambie kweli. Huyu Falonne ana nini?"

Kahongya akasimama, akainua mikono, akawaonyesha muti, akawaonyesha nafasi. Akawaambia habari ya Beni.

"Beni?" Emérence akaruka ku kiti. "Bale bale ba magoli ine? Mbona haukusema mbele? Miye nilidhani muko munamukausha bure! Leta mutoto, nitamubeba akienda mazoezi!"

Tangu siku ile hakuna termosi iliingia mule bila mwenyewe kuikunywa mupaka chini, na kidogo kidogo termosi zikaacha kuja. Pahali pake bamama walikuja mikono mitupu, juu ya kumutia moyo. Falonne akikimbia kupanda kilima na Siméon, bamama banasimama ku milango wanapiga vigelegele. Akitoka shambani na jembe ku bega, banauliza: "Kidole?" Alikula mchana kweupe, mbele ya kila mutu, sahani ya maharagi ku magoti. Maziwa ikarudi. Éliakim akanyamaza, akanenepa yeye sasa, pahali pa mama yake.

Mushale wa balance ukakaa siku zingine bila kutikisika, halafu asubui moja Maliro akapiga kelele toka depot: umeteleza! Umeshuka! Na umeendelea!

Siku ya kuugusa, uwanja ulijaa sawa mechi yenyewe. Falonne akachuchumaa. Kahongya akafunga macho juu ya woga, kwa hiyo hakuona. Alisikia tu: *pa!* Bidole ku muti. Halafu *pa!* tena, kwa sababu Falonne hakuamini, akaruka mara ya pili. Keren njo alimurukia wa kwanza, akamuangusha, na timu yote ikawa juu yao.

Ku Beni walienda na gari mbili, na bamama ba shirika ndani ya moja, Emérence mbele. Uwanja ulijaa. Banamuke ba Beni walikuwa na mushambuliaji moja mwenye kutoka Mangina, Vagheni, miguu sawa mapande ya miti. Anapiga mupira, ndege zinatoka mu miti ya mbali. Mbele ya mapumziko Butembo walipata goli moja, ya bahati, mupira uligonga kisigino ya mutu. Mapumziko, Falonne alikimbia pembeni, akakaa ku majani na gants zake za kudakia mupira bado mikononi, akamunyonyesha Éliakim, na Siméon alimuelezea kazi ya kipindi ya pili akiwa amegeuza mugongo.

Kipindi ya pili ilikuwa mateso. Beni walikuja, walikuja, walikuja. Mipira ya juu Falonne aliichuma sawa maparachichi. Halafu, mwamuzi akiwa tayari anaangalia saa, Vagheni akabaki peke yake na goli. Alipiga chini, pembeni, pahali pa kufa. Falonne akajitupa, akaugusa, mupira ukarudi ku miguu ya Vagheni yule yule, na Falonne alikuwa chini.

"Simama!" Kahongya akalia. Mutoto mugongoni, alikuwa amevuka kamba, alikuwa ndani ya uwanja, hakuna mutu wa kumushika. "Simama, binti yangu! SIMAMA!"

Na Falonne alisimama. Mwepesi, sawa mutu hajazala, hapana, sawa mutu amezala na ana haraka. Vagheni alipiga juu ya kifua yake, na yeye akaikamata na mikono mbili, akaikumbatia, akaanguka nayo, na filimbi ikalia.

Kitu ilifuata, hakuna mwenye kuieleza vizuri. Emérence alimubeba Siméon. Vagheni mwenyewe alikuja akamuinua Falonne, akamuuliza mutoto ni wa miezi ngapi, akashangaa. Falonne akapita kati ya batu wote, hakwenda kwa Maliro, hakwenda kwa timu, alikwenda kwa mama mukwe wake, akamukumbatia na mupira na jasho na vumbi yote.

"Mama, uliona? Mama! Uliona?"

Kahongya alifungua mudomo amujibu kama aliona, kama aliona yote, kama atarudi mwaka kesho na mwaka mwingine. Hakuna sauti ilitoka. Ilikuwa imeisha yote na ule mulio wa kusema simama. Alitingisha tu kichwa, akatingisha tena, na akacheka bila sauti njia yote mupaka Butembo.