Ukucha wa Mama Mkwe

Wanaosema kazi ya mkwe ni kupika na kupakua hawajawahi kushika mguu wa mama mkwe wangu. Ukucha wa kidole gumba cha mguu wa kulia ulikuwa mnene, wa njano, umejikunja huku na huku mpaka pembe zake zinazama nyamani. Mkasi wa kawaida uliteleza tu. Na mama ana kisukari, miguu imekufa ganzi. Umkate, usimkate, yeye anaendelea kusimulia habari za majirani.

Muuguzi wa kliniki alinifundisha, nami nikashika. Kila Jumamosi nikirudi kutoka kwa dobi, ninakopiga pasi nguo za watu, nilipasha maji nikayapima kwa kiwiko, maana hata yangemuunguza asingejua. Ukucha ukilainika nakata kidogo kidogo, kwa kunyoosha, bila kuzungusha, halafu napiga tupa. Pembeni sichimbi. Napachika pamba kidogo chini ya pembe ili ukucha ukikua upande juu. Miaka yote hiyo mama hakupata hata mchubuko.

Basi akaja wifi yangu. Huja mara moja kwa mwaka, na nyumba nzima husimama. Mgeni njoo mwenyeji apone, wanasema. Kwetu mwenyeji huugua. Alipouona ule ukucha alicheka, akaniuliza nimewezaje kumwacha mama yake na kwato. Nikamweleza taratibu kwamba hauchimbwi. Akanijibu kwamba yeye alimjua mama huyu kabla yangu. Ni mama yake, kweli.

Kesho yake narudi kutoka kazini nakuta kucha zote zimepakwa rangi nyekundu, zinang'aa, na mama anazitazama kwa tabasamu la bibi harusi. Taulo limelowekwa kwenye ndoo. Wifi akasema amelimwagia soda. Nami ningefanyaje, nianze upelelezi kwa sababu ya taulo? Akaondoka na mabusu yake.

Jumamosi nikafuta rangi. Kumbe chini yake pembe ya ukucha ilichokonolewa mpaka ndani, nyama imevimba, inanuka. Tulimkimbiza mama hospitali. Daktari hakuwa na maneno mengi. Kidole kilikatwa.

Wifi alirudi analia tangu getini. Pale pale kitandani kwa mgonjwa akamwambia kaka yake, yaani mume wangu, kwamba yeye alipaka rangi tu. Mwenye kukata kucha anajulikana. Mume wangu akanigeukia. Mtu aliyeniona nimeinamia miguu ya mama yake Jumamosi baada ya Jumamosi, bado akanitazama kwa jicho la kuuliza. Iliniuma kuliko maneno ya dada yake.

"Muulizeni mama," nikasema. "Mguu ni wake, na alikuwepo."

Mama alikuwa macho. Jina langu lote katika ukoo ule lilikuwa mdomoni mwake, na alijua. Akavuta shuka, akatazama dirishani.

"Kucha zangu hunikata mke wa mwanangu," akasema. "Miaka yote."

Ukimpima neno kwa neno, hakudanganya. Lakini hilo silo lililoulizwa. Mume wangu alitoka chumbani bila kunisemesha, na kwa muda mrefu baada ya hapo akawa anaongea nami kupitia watoto. Shukrani ya punda ni mateke, na mimi yalinikuta nimeinama.

Mama akarudi nyumbani, kidonda kikapona, na kucha zilizobaki zikaendelea kukua, hazina habari na ugomvi wetu. Siku moja akaniita kwa sauti ya upole: ukucha wa mguu wa pili unanasa kwenye shuka. Nikapeleka beseni, maana mimi si jiwe. Mguu ukiwa majini, nikamuuliza kwa nini alinifanyia vile. Hakujifanya hajaelewa.

"Mwanangu, nikimtaja yule atanuna, hatakanyaga tena hapa. Namwona mara moja tu kwa mwaka. Wewe upo."

"Nipo," nikasema.

"Hata ukikasirika, upo."

Alisema hivyo kama anayenisifu. Hasira ilinipanda. Kumbe alitupima, mimi na bintiye, na kilichoniangusha ni kule kutoondoka kwangu. Nikautoa mguu majini, nikaukausha vizuri, hata katikati ya vidole, maana unyevu ukibaki pale ni balaa kwake. Nikamvalisha soksi. Ukucha sikuugusa.

"Nitampigia wifi," nikamwambia, "aje akukate."



"Hatakuja."

"Najua, mama," nikasema, nikabeba beseni kwenda kumwaga maji.