Kitovu cha Wambui

Nilikulia na jembe mkononi, na nilikata tiketi ya kuja Uingereza hasa ili nisilione tena. Kwa hiyo nikisikia kwamba Jumamosi asubuhi, Birmingham, kwenye manyunyu, kuna watu wazima wanaolima bure na kudai kunawatuliza roho, nawahesabu kuwa wagonjwa. Kazi yangu ni kuwatunza wazee majumbani mwao, wagonjwa nawajua.

Lakini mwaka ule nilijiandikisha mwenyewe. Roho yangu haikuwa na haja ya kutulizwa. Nilikwenda kuzika kitovu.

Kitovu kilikuwa cha binti yangu. Kilikuwa kimekauka na kudondoka, nikakiweka kwenye kichupa cha vidonge, kimejikunja kama tangawizi iliyosahauliwa jikoni. Mama mkwe, ambaye mtoto amepewa jina lake, alikuwa akipiga simu kutoka Murang'a kila jioni kukiulizia. Alitaka kizikwe kwake, penye migomba yake. Binamu ya mume wangu alikuwa anasafiri Jumapili, na mpango wao ulikuwa akibebe.

"Si ni kitovu tu, Edah?" mume wangu Eric aliniambia. "Mpe Mum hiyo kitu tulale."

Ingekuwa ni kitovu tu, ningekituma na stempu juu. Lakini mama mkwe alikuwa ameshawachukua watoto wa shemeji yangu wa Leicester kwa njia hiyohiyo: kwanza kitovu, halafu picha, halafu "mleteni nimwone", na sasa wanasoma Murang'a na wazazi wao huwaona Krismasi. Mtoto hufuata kitovu chake, ndivyo anavyosema, na asipofuata anatumiwa shangazi wa kumchukua. Niliogopa. Nasema wazi, niliogopa mpaka maziwa yakapungua.

Tatizo lilikuwa udongo. Tunakaa Winson Green, ghorofa ya tatu, na udongo pekee nyumbani kwetu ni ule unaoingia na viatu vya Eric. Ndipo nikasikia kanisani habari za shamba la Cleopas kule Perry Barr.

Cleopas ni Mwogiek, mtu wa msitu wa Mau. Alikodi kipande cha ardhi kwa kaunsili ya jiji, akaweka mizinga ya nyuki pembeni, akatangaza kwamba shamba hili litaendeshwa kwa desturi za kwao, na anayetaka desturi za supermarket aende supermarket. Watu wa kila rangi wakaja mbio. Wazungu walimsikiliza akieleza habari za udongo hadi machozi yakawalengalenga, kisha akawapa wilibaro za samadi. Mimi, kwa kuwa nilikuwa na mtoto mchanga kifuani, nilihurumiwa. Nikapewa kung'oa magugu nikiwa nimekaa.

Ilipofika saa ya chai wote wakakimbilia chini ya turubai. Nikabaki nyuma ya kibanda, penye tuta lisilopandwa kitu, nikapiga magoti, nikachimba upesi kwa kijiko cha bustani. Nikafungua kichupa, nikakitoa kitovu kiganjani.

"Wallahi!"

Alikuwa Nurto, Msomali wa Garissa aliyefika hapa kwa kupitia Uholanzi, mwanamke ambaye mdomo wake hauna breki.

"Cleopas! Kuja haraka! Huyu mama wa kanisa anazika uchawi kwa shamba!"

"Si uchawi, Nurto, ni kitovu!"

"Ya nani?"

"Ya mtoto!"

"Subhanallah! Na mtoto mwenyewe ako wapi?"

"Si huyu hapa kifuani! Wewe ulidhani nini?"

Watu wa chai wakafika na vikombe vyao mkononi. Mzee mmoja wa Kizungu aliuliza kwa upole kama hicho kitu ni organic. Cleopas akawarudisha wote kwenye turubai, tukabaki yeye, mimi na Nurto, ambaye harudishiki.

"Edah, why hukuniuliza?"

"Ningekuuliza ungekataa."

"Ningekataa, ndio. Hiyo bed tunaichimbua kila spring. Kitovu ya mtoto wako ingetoka na viazi." Akachuchumaa karibu yangu. "Kwetu huwezi enda kutundika mzinga kwa msitu ya ukoo mwingine bila kuomba. Unaomba, unangoja. That's all." Akakitazama kile kilichokuwa kiganjani mwangu. "Na yako? Yako ilizikwa wapi?"

Uongo kwangu si kazi ngumu, na nilikuwa nao mzuri tayari. Lakini ni vigumu kudanganya ukiwa umeshika kitovu cha mwanao.

"Juu ya Njoro," nikasema. "Baba alikuwa na shamba ya viazi. Wakati wa clashes za kikabila tukafukuzwa, nyumba ikachomwa. Sijawahi rudi."

"Juu ya Njoro wapi?"

"Mau."

Nurto akageuka kumtazama Cleopas. Mkenya yeyote angegeuka. Kabla ya viazi vya baba pale palikuwa msitu, na msitu ulikuwa na wenyewe. Baba alinunua kwa mtu, na mtu huyo alinunua kwa mtu, na katika msururu wao wote hakuna aliyenunua kwa Mwogiek.

Nilingoja Cleopas anifukuze. Alikuwa na kila haki, na wakati huo binamu ya Eric alikuwa mahali fulani mjini anafunga mizigo yake.

"Kumbe mmezoea," akasema. "Hata kwetu mlizika bila kuuliza."

Hakucheka. Nurto ndiye aliyecheka, akajiziba mdomo kwa ncha ya hijabu. Mimi uso uliniwaka. Majibu nilikuwa nayo tele: kwamba mimi nilikuwa mtoto mchanga, kwamba sisi pia tulichomewa, kwamba hata hili shamba ni la kaunsili na yeye amekodi tu. Yote yalikuwa kweli. Nikayameza yote, na hayakuwa matamu.

"Cleopas," nikasema, "naomba mahali pa kuzika kitovu cha mtoto wangu."

"Anaitwa nani?"

"Wambui."

"Wambui wa nani?"

"Wangu," nikasema, na hapo machozi yakanitoka, mbele ya Nurto, ambaye nilijua atalisimulia duka kwa duka mpaka Alum Rock Road yote ijue.

Cleopas akasimama, akajipangusa magoti. "Ngoja hapo," akasema, akaondoka. Nilimwona akirudi chini ya turubai, akakaa, akachukua kikombe chake. Alikunywa polepole. Akachukua na biskuti. Mvua ikazidi, nikamfunika Wambui kwa koti na kukunja ngumi juu ya kitovu chake, na sikusogea.

Aliporudi alikuwa na sepeto. Akanipeleka nyuma ya mizinga, mahali ambapo hakuna mtu anayelima kwa sababu nyuki hawataki, akanionyesha kwa kidole.

"Hapa," akasema. "Chimba."

Nikachimba. Kutoka Mau mpaka Birmingham, sidhani kama kuna mtu wa kwetu aliyewahi kumngoja mtu wa kwao amalize chai.