Picha za Bi Mkubwa

Mume wangu ana tumbawe analoliita Bi Mkubwa. Ndiyo, nyumba hii mke mdogo ni mimi. Alilinunua likiwa kipande cha ukubwa wa kidole gumba, akalilea miaka tisa kwenye tangi la maji ya chumvi pale sebuleni, mpaka likawa pana kama sahani, la zambarau. Siku yangu ya kuzaliwa huisahau. Siku ya kumbadilishia Bi Mkubwa maji, thubutu!

Matumbawe mapya aliyoagiza yalifika siku ileile aliyopasuliwa uvimbe tumboni. Maelekezo alishayabandika kwenye friji: acha mfuko uelee juu ya maji nusu saa, ongeza maji ya tangi kidogo kidogo, chovya kwenye dawa ya wadudu, kisha yakae wiki mbili kwenye ndoo yenye pampu. Chini akapigia mstari: yasikutane na Bi Mkubwa kabla ya hapo.

Mimi nimetoka wodini kumwona, miguu imevimba, pacha wanalia njaa. Nikasema, jamani, hata mawe yanataka karantini? Nikayatumbukiza moja kwa moja tangini, nikaenda kupika.

Siku ya nne Bi Mkubwa akaanza kubabuka. Nilimulika kwa tochi ya simu, nikaona vijidudu bapa vimemjaa, vinamla. Nikayatoa yale mageni, nikamchovya yeye kwenye dawa, nikambembeleza kama mtoto, wapi! Baada ya siku tatu alikuwa mweupe pee, amekufa.

Na kila siku mwenyewe anapiga simu kutoka hospitali: "Mama Pacha, nitumie picha ya Bi Mkubwa nimwone." Ningemwambia nini mtu mwenye nyuzi tumboni? Simu yangu imejaa picha alizonitumia yeye mwenyewe miaka yote hiyo. Nikawa nachagua moja, namrudishia. Kwangu mimi zote zinafanana.

Jumatano daktari akaniita ofisini. Majibu yametoka: si saratani. Nilikimbia hadi kitandani kwake, nikamwambia huku nalia kwa furaha. Akageukia ukutani. "Haya," akasema. Nikadhani ni zile dawa za maumivu.

Ijumaa nikamrudisha nyumbani. Njia nzima nilikuwa napanga maneno ya kuungama. Akaenda moja kwa moja kwenye tangi, akakaa kitini taratibu, akaangalia ule mfupa mweupe. Hakushtuka.

"Nilijua tangu Jumapili," akasema. "Kwenye picha uliyonitumia yumo yule samaki wa mistari. Si alikufa mwaka jana?"

Nilitamani ardhi ipasuke. "Nisamehe, Baba Pacha. Niliogopa, na hali yako ile."

"Najua. Ulinionea huruma." Akafuta kioo kwa kiganja. "Sasa niambie ukweli. Daktari alisema nini?"

"Si nilikwambia! Si saratani! Haki ya Mungu, hivyohivyo alivyosema!"

"Ulinionea huruma," akarudia, wala hakuwa na hasira. Afadhali angenitukana.

Nikamnyooshea simu. "Mpigie mwenyewe. Sasa hivi, mbele yangu."

Hakuipokea. "Naye mtakuwa mmeshapanga," akasema. Akaniomba nimwitie watoto, akae nao kidogo.