Namba Mbili za Bi Mifuko

Mgeni njoo mwenyeji apone, husema watu. Siku hiyo wageni wa hospitali walipewa lifti, na wagonjwa wakaonyeshwa ngazi.

Bi Mifuko alipanda ngazi tisa, akasimama. Alishika chuma cha ukingoni akisubiri pumzi irudi, kisha akapanda nyingine tisa. Jina hilo alilipata kiwandani, alikoshona midomo ya mifuko ya saruji kwa miaka ishirini na mbili. Kiwanda kilimwachia jina na mapafu mabovu, basi. Jana yake muuguzi wa utafiti alimpigia simu aje na kadi zake mbili na kopo lake la dawa. Safari hii hakumuuliza amelalaje. Hilo lilimkosesha raha kuliko ngazi zenyewe.

Kopo lilikuwa la dawa ya kuvuta kwa mdomo, asubuhi na jioni. Dawa ilikuwa bado kwenye majaribio, haikuuzwa popote. Kabla ya kuianza alikuwa analala ameketi, mgongo ukutani, na ndoo ya maji ilimshinda. Kwa miaka miwili sasa alikuwa analala chali kama watu.

Ghorofa ya tatu walimngoja watatu. Profesa, mkuu wa utafiti, alisimama dirishani na ratiba ya sherehe mkononi. Muuguzi alikuwa karibu na mlango. Mbele ya kompyuta aliketi mwanamume aliyejitambulisha kuwa mratibu wa mtandao mpya wa taifa wa utafiti wa tiba, uliokuwa unazinduliwa asubuhi hiyo hiyo, ukumbini chini.

"Kaa, mama. Sikiliza hapa."

Mratibu alibonyeza kompyuta. Sauti ya mwanamke, iliyorekodiwa kwenye simu, ikacheka, ikasema jana amekohoa mara tatu. Bi Mifuko akatabasamu bila kutaka.

"Ni nani huyo?"

"Ni mimi."

"Na huyu?"

Mwanamke yule yule, siku nyingine, alisema kakohoa mara moja tu, halafu akasimulia habari za paka wa jirani aliyezalia kabatini.

"Mimi pia. Hiyo ilikuwa Alhamisi."

Mratibu akaandika. "Amekiri mwenyewe, Profesa."

"Nimekiri nini, baba?"

"Mama, hospitali sita za vyuo vikuu zimeunganisha rejista zao. Zamani kila moja ilikuwa na daftari lake na mambo yake. Sasa kidole kimoja, mtu mmoja. Kompyuta imekukuta mara mbili. Una namba mbili, unatoa majibu tofauti, na kila mwezi unachukua makopo mawili."

"Mimi nachukua moja!"

"Yameandikwa mawili."

Miaka miwili nyuma hospitali ilitakiwa ifikishe wagonjwa mia moja ndipo ikubaliwe kwenye mtandao, nayo ilikuwa na themanini na kitu. Hayo hakuna aliyemwambia Bi Mifuko. Aliwekewa fomu mbili mezani. Weka kidole hapa, mama, na hapa. Hii ya pili ni ya akiba.

Tangu hapo simu ya muuguzi ilikuja Jumatatu kwa namba ya kadi ya kwanza, na Alhamisi kwa namba ya kadi ya pili, maswali yale yale. Alipouliza, akaambiwa jibu tu mama, ni mambo ya ofisi. Akajibu. Na ukweli usemwe: alipenda. Mumewe alikuwa ameshafariki. Binti yake, aliyeolewa mbali, alipiga simu akikumbuka, na hakukumbuka sana. Kulikuwa na wiki ambazo nje ya Jumatatu na Alhamisi hakuna mtu aliyelitaja jina lake. Alhamisi aliketi karibu na simu nusu saa kabla. Na kwa kuwa aliona haya kumrudishia binti wa watu maneno ya Jumatatu, kama anayempa mgeni kiporo, aliyabadilisha kidogo. Alipunguza kikohozi, akaongeza paka.

"Muulizeni huyu," alisema sasa, akimwonyesha muuguzi. "Ndiye aliyeniandika."

Muuguzi alitazama viatu vyake. Mkataba wake ulikuwa unaisha mwezi huo. "Mimi nilimuuliza kama amewahi kuandikishwa. Akasema hapana."

Ilikuwa sauti ile ile ya Alhamisi, ile ya pole mama, lala salama mama. Hilo lilimuuma Bi Mifuko kuliko yote yaliyosemwa mle ndani.

"Mwanangu," alisema.

Akamgeukia mratibu. "Basi futeni mmoja. Mniachie mmoja."

"Yupi?"

"Yeyote. Yule mwenye kopo."

"Kanuni ni za mtandao, mama, si zangu. Aliyejiandikisha mara mbili anaondolewa, na haandikishwi tena kwenye hospitali yoyote kati ya hizo sita."

Profesa alitazama saa. "Tusiyakuze haya. Hapa kuna fomu, inasema umejitoa kwa hiari yako. Weka kidole, yaishe. Ukikataa itaitwa udanganyifu, itakwenda polisi, na mimi sitaweza kukusaidia."

"Makopo ya ile namba ya pili aliyachukua nani?"

Muuguzi alimtazama Profesa.

"Hilo tutaliangalia wenyewe," Profesa alisema.

"Na mimi dawa nitaipata wapi?"

"Utafiti ukiisha, itafika madukani. Miaka mitatu, minne."

"Sina miaka mitatu, Profesa."

"Kidole, mama."

Aliweka. Muuguzi alimshika mkono kwa mazoea, akamfuta wino kwa pamba. Kisha akachukua kopo, akalitikisa sikioni, akaandika kuwa limerudishwa likiwa nusu. Kopo nalo lilikuwa mali ya utafiti.

Kushuka kulimchukua muda mrefu kuliko kupanda. Alipofika chini, wageni walikuwa wameshapangwa kwa mistari mbele ya ukumbi, suti na majoho, na mpiga picha alikuwa analalamika.

"Wakuu wote wapo, hatuna mgonjwa hata mmoja. Mama! Mama, wewe ni mgonjwa wa hapa?"

"Sijui tena."

Watu wakacheka, wakadhani ni mzaha. Wakamketisha mbele, katikati. Alikubali kwa sababu kilikuwa kiti. Profesa alikuja akasimama nyuma yake, akamwekea mkono begani.

"Mama, mabega yako yanapanda yanashuka," mpiga picha alisema. "Picha inaharibika. Bana pumzi kidogo."

Bi Mifuko alibana. Kifua kikaanza kuwaka.

"Hapo hapo. Vizuri sana. Ah, mzee mmoja nyuma kafumba macho. Usiachie, mama, tunarudia."