Majibu Yaliyoingia Kwenye Chuma

Mwalimu Bernadeta Otuoma alikuwa akisahihisha madaftari ya darasa la saba, Jumanne saa nne asubuhi, maandishi ya penseli yalipoanza kufifia mbele ya macho yake. Ya wino yalibaki. Alifuta miwani kwa upindo wa gauni, akaivaa tena, akakuta mchoro wa moyo wa binadamu umebaki lebo tupu. Akafunga daftari, akazunguka ukuta wa shule kwenda kumwuliza fundi jirani, Mihayo, amefanya nini.

Mihayo alikuwa na karakana pale Mkuyuni, akiyeyusha vyuma chakavu na kumimina mawe ya mizani. Kila fundi wa kazi hiyo anajua kwamba chuma kikishayeyuka, lazima uengue mavi ya chuma yanayoelea juu na kuyatupa. Wiki ile Mihayo alikuwa na oda ya haraka, hakuengua. Tena tanuru alilijengea mawe ya mlimani, nayo yakayeyuka. Mawe na chuma vikapanda pamoja, vikajiviringisha hewani, vikawa sayari changa yenye ukubwa wa simtanki la lita elfu. Ilielea usawa wa kifua, ikizunguka polepole. Mwenyekiti wa mtaa alikuja kuikagua, akalalamika tu kwamba haina kibao cha anwani. Kesho yake kibao kikatundikwa kwenye nguzo ya jirani.

"Shikamoo mwalimu," alisema Mihayo.

"Marahaba. Hiki kitu chako kinakula penseli zangu."

"Na mkaa wangu. Magunia sita tangu jana."

Bernadeta aliitazama ile sayari, akaelewa. Chuma kilikuwa kinazama katikati, mwamba ulioyeyuka ukibaki juu, na kaboni ilikuwa inachagua pa kwenda. Kaboni hupenda chuma. Mkaa ni kaboni, risasi ya penseli ni kaboni. "Katika mafungu elfu," alimwambia Mihayo, "mwamba utaambulia labda moja. Yote mengine yanashuka kwenye chuma."

"Mwenye nacho huongezewa, mwalimu. Ndiyo dunia."

Jibu hilo lilimuudhi, kwa sababu zilibaki siku tisa kabla ya mtihani. Watoto themanini na watatu wangesiliba majibu yao, yaani kujaza viduara kwa penseli, maana fomu haikuruhusu wino. Miongoni mwao alikuwemo Princess Odoyo, binti wa wavuvi wa Mara aliyeishi kwa shangazi yake, Favour. Favour alikuwa ameshasema bila kuzunguka: mtoto akifaulu ataenda sekondari, akifeli ataenda mwaloni, ufukweni wanakoshusha samaki, kuanika dagaa. Princess alikuwa wa kwanza darasani tangu darasa la nne.

Bernadeta akaandika barua ofisi ya elimu kuomba watoto wafanyie mtihani shule nyingine. Akaandika ya pili kuomba watumie kalamu ya wino. Ya tatu aliipeleka kwa mkono. Afisa mhusika, Masele, aliisoma yote, na hakuwa mtu mbaya.

"Nimeiona hiyo sayari, mwalimu. Nimepita pale jana. Lakini mwongozo unataja mafuriko, moto na msiba. Sayari haimo."

"Basi andika moto. Si inawaka?"

"Siwezi kudanganya kwenye fomu."

Kwa hiyo Bernadeta akafanya la kwake. Alipanda gari hadi Misungwi, akanunua salfa ya unga kwenye duka la pembejeo, mifuko minne, akarudi na kuimimina ndani ya sayari kwa koleo la Mihayo. Chuma kikishakunywa salfa hakiipokei kaboni kwa uroho uleule, huisukuma itoke. Siku mbili baadaye michoro ilianza kurudi kwenye madaftari. Moyo wa binadamu ukapata chemba tatu. Bernadeta alicheka peke yake ofisini, akaagiza mifuko mingine minne.

Mifuko haikufika kwenye sayari. Masele alikuja na karatasi yenye muhuri: kutia kemikali kwenye sayari kunahitaji kibali, na kibali huchukua siku ishirini na moja. Zilikuwa zimebaki tano. Bernadeta alimwambia maneno ambayo mwalimu hasemi mbele ya wanafunzi. Ilikuwa kumpigia mbuzi gitaa.

Watoto wakafanya mtihani. Walisiliba vizuri, wakakabidhi, na fomu zikafungwa kwenye bahasha zikiwa nyeupe kama zilivyotoka. Msimamizi alihesabu karatasi, zikatimia, akasaini.

Wiki iliyofuata sayari ilianza kupoa. Mihayo akaitoboa, akamimina chuma chake kwenye kalibu, vikapatikana vipande themanini na vitatu. Alivunja kimoja, kama mafundi wanavyovunja kuona rangi ya ndani, kisha akamwita mwalimu. Ndani ya chuma kile cha kijivu kulikuwa na viduara vyeusi vimejipanga: namba ya mtahiniwa, halafu majibu, swali la kwanza mpaka la arobaini. Wakavivunja vyote. Bernadeta alisahihisha akiwa amepiga magoti sakafuni. Cha Princess kilikuwa na thelathini na tisa.

Alikifunga kwenye khanga, akakipeleka ofisini. Masele alivaa miwani, akafuata viduara kwa ncha ya kalamu, akahakiki namba, akasahihisha mwenyewe upya. Alipata thelathini na tisa.

"Huyu mtoto ana akili," alisema. "Lile swali la sehemu hata mimi ningelikosa."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo mpe hongera zangu." Akafungua orodha, akashuka na rula mpaka kwenye jina, na mbele yake akaandika sifuri. "Tunasahihisha karatasi, mwalimu. Hiki ni chuma."

Bernadeta alimpelekea Princess kipande chake mwaloni. Binti alikigeuza, akasoma majibu yake yote taratibu, midomo ikicheza, akatikisa kichwa kwenye lile moja alilokosa. Kisha akakiweka juu ya pembe ya wavu wa dagaa, upande ule upepo ulikuwa unaupeperusha, akainama kuendelea kuanika.