Mkono wa Fundi

Koti jeusi lilikuwa limebakiza vifungo viwili. Fundi cherehani alivishona kwa mkono, akakata uzi kwa meno, akalikung'uta koti mlangoni, kisha akamvalisha mwanawe kama alivyomvalisha sare za shule tangu mama yake alipofariki. Muziki wa hevi metali, aliouimba mwanawe na bendi ya wenzake, hakuuelewa. Aliwahi kuuliza kama wale vijana wanagombana, akaambiwa hapana, ndivyo wimbo ulivyo, akaridhika.

"Unywe maji," alimwambia. "Koo lako ni hilohilo."

Studio ilikuwa chumba nyuma ya duka la rangi, kuta zake zimepigiliwa magodoro makuukuu. Magitaa yalikwisharekodiwa, na ngoma pia, ilibaki sauti. Kijana akanguruma. Prodyuza akasimamisha. Kijana akanguruma tena, na prodyuza akavua hedfoni kabisa.

"Kaka, unalia kama mtu aliyekanyagwa sokoni na ameshaombwa radhi. Hasira iko wapi? Nani amewahi kukuumiza?"

Kijana akafikiri, hakumpata mtu. Wenzake walikuwa wakimsubiri, mpiga ngoma anapiga miayo, naye akaona aibu kukosa hata mtu mmoja wa kumchukia.

"Baba," akasema. "Alikuwa ananipiga. Mkono wake ulikuwa wa chuma."

Uongo ulitoka laini. Mashairi yakabadilishwa palepale, na safari hii mngurumo ulikuwa mzito hadi makopo yakaanguka kule dukani. Prodyuza alifuta machozi, akasema wimbo umepatikana.

"Mkono wa Chuma" ulitoka Ijumaa. Jumamosi asubuhi kidole gumba cha kulia cha fundi kilikuwa chuma, na kufikia jioni kiganja chote. Fundi alikigonga mezani, akakisikiliza, akasema labda ni umri. Daktari wa zahanati alikubaliana naye, akamwandikia mafuta ya kuzuia kutu.

Sindano haikushikika tena. Lakini fundi si mtu wa kukaa bure. Aligundua kwamba mkono ukiwekwa juu ya jiko la mkaa unapata moto vizuri, akaufuta kwa kitambaa, akaanza kupiga nguo pasi. Kazi ingekwenda kama wateja wangekuja. Wimbo ulikuwa kwenye kila simu mtaani. Mama wa nyumba ya jirani, ambaye watoto wake wote walipimwa sare na fundi huyo, sasa alipita nao ng'ambo ya barabara akiwa amewashika. Hakuogopa chuma, chuma watu walikizoea upesi. Aliogopa yaliyoimbwa.

Redioni mtangazaji alimuuliza kijana, "Hii habari ya mzee ni kweli, au ni sanaa tu?"

Neno moja lingetosha, na kijana alilijua. Alijua pia wimbo unapendewa nini.

"Ni kweli," akasema.

Nyumbani, chuma kikapanda hadi kiwikoni. Fundi, aliyekuwa akisikiliza redio, alikunja tu mkono wa shati usije ukachanika.

Kijana aliporudi alishindwa kumtazama, akajifanya anatafuta chaja.

"Kaa, mwanangu. Nimejaribu kukumbuka, sikumbuki. Nilikupiga lini?"

Kijana akainama kutafuta chaja chini ya meza.

"Basi nimesahau. Uzee huu! Na mkono wenyewe si unauona? Mtu hapewi mkono kama huu bure. Nisamehe, baba."

Aibu ilimpanda kijana hadi masikio yakawaka moto. Ukweli ulikuwa mdomoni, umebaki kutamkwa. Nje, gari la kuwapeleka ukumbini likapiga honi, na wenzake wakaanza kuimba kiitikio kwa furaha.

"Yameisha, baba," akasema. "Nimekusamehe."

Fundi akashusha pumzi ndefu, akafurahi kwelikweli. Aliuweka mkono jikoni, akaufuta, akalinyoosha koti jeusi taratibu, mgongo, mabega, hadi kola, akimwambia angoje lipoe kwanza. Kijana hakungoja. Alilivaa likiwa bado la moto, likamchoma mgongoni njia nzima, na ukumbi ulipojaa akafungua kwa wimbo uleule.